Mheshimiwa DC, Tuliomba Majibu, Hatukuomba Makala



Kuna mtindo umeshika kasi na tumeona tusiunyamazie. Fungua tovuti ya habari ya mkoani kwako, au ile blogu unayosomea matokeo ya mpira na matangazo ya misiba, halafu shuka chini mpaka sehemu ya "Maoni" au "Makala Maalum". Utakuta picha ya kiongozi kakaa mezani, bendera upande mmoja, picha ya Rais ukutani, na chini yake maneno elfu moja na ushee. Vichwa vya habari navyo utadhani vimetoka kiwanda kimoja: miaka kadhaa ya Awamu ya Sita na wilaya yetu yapaa, vijana acheni kulalamika changamkieni fursa, amani ni tunu tuilinde. Mwandishi ni mkuu wa wilaya. Wiki ijayo ni mkurugenzi wa halmashauri. Ile nyingine ni katibu tawala. Zamani wangemtuma afisa habari na "taarifa kwa umma" basi yakaisha. Siku hizi nao ni wachambuzi.

Wengi wenu mnapiga skrinishoti, mnaandika "chawa" na vikatuni vya kucheka, mnapita. Tunawaelewa, bando lenyewe ghali. Lakini mkimaliza kucheka rudini hapa, kwa sababu kuna kitu kinachukuliwa mbele ya macho yetu na tunakisindikiza kwa vicheko.

Tuanze na lililo la haki kabisa. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Imesema kila mtu, haikusema kila mtu isipokuwa mteule wa Rais. Mkuu wa wilaya akitaka kuandika juu ya Simba na Yanga, juu ya kilimo cha parachichi au juu ya malezi ya watoto, aandike. Hatutaki kuwa chama cha kuwafunga watu midomo, wakati sisi wenyewe tumefungwa ya kwetu miaka mingi. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016 na ikaruhusiwa tena Januari 2023. Tunajua ladha ya kunyamazishwa na hatumtakii mtu.

Swali letu ni jingine. Mtu wa kawaida anaandika maoni kwa sababu maoni ndiyo kitu pekee alichonacho. Mwalimu wa sekondari ya kata, bodaboda, mama wa sokoni, hawana jedwali la bajeti, hawana mihutasari ya vikao, hawana faili la mkandarasi. Wanaona barabara imechimbwika, wanasema. Mkuu wa wilaya na mkurugenzi wana faili. Mkandarasi ni nani, kalipwa kiasi gani, kakabidhiwa lini, wanajua. Sasa mwenye faili anapoliacha kabatini, akaja kukaa nasi kijiweni kutoa "maoni" kuhusu barabara ile ile, hapo kuna mchezo. Tulimwomba jibu, ametupa makala. Na makala haina kuulizwa. Kwenye mkutano wa waandishi wa habari kuna mtu atanyoosha mkono. Kwenye safu ya maoni anayeuliza ni yeye na anayejibu ni yeye, halafu anajipongeza kwa jibu zuri. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Na tukumbuke huyu mwandishi ni nani. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya wilaya yake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa yeye, na mkuu wa mkoa vilevile, mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani mpaka saa 48. Sheria imeweka masharti, ndiyo, inataka kuwe na hatari kwa amani na inataka sababu ziandikwe, lakini nchi nzima tumeona mamlaka haya yakitumika kwa watumishi waliochelewa kikao na kwa wananchi waliouliza swali lisilopendeza. Sasa wewe dokta wa zahanati, umesoma makala ya DC inasema dawa zipo za kutosha. Unajua kabisa hazipo, jana umemwandikia mgonjwa cheti akanunue duka la nje. Utaandika makala ya kumjibu? Uweke jina lako na kituo chako cha kazi? Mjadala wa aina gani ambao upande mmoja una kalamu na upande wa pili nao una kalamu, ila wa kwanza ana na polisi?

Halafu mtumishi wa umma mwenyewe amefungwa kamba. Kanuni za utumishi hazimruhusu kutoa taarifa za ofisi bila kibali. Kwa hiyo muuguzi akiweka WhatsApp picha ya wodi inayovuja anaandikiwa barua ya kujieleza, na bosi wake akiandika makala kwamba wodi ni ya kisasa anapewa ukurasa mzima. Wote wawili wametoa taarifa za ofisi. Tofauti ni kwamba mmoja kasema inavuja.

Mfano mkubwa kuliko wa muuguzi mnaukumbuka. Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa kule New York. Akasema, kwa maneno ya kistaarabu kabisa, kwamba kama ripoti za ukaguzi zinaonyesha ubadhirifu na Bunge halichukui hatua, huo ni udhaifu wa Bunge. Yale yalikuwa maoni ya afisa wa umma kuhusu kazi yake mwenyewe. Januari 2019 akahojiwa na kamati ya Bunge, Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba mwaka huo kiti chake kikakaliwa na mwingine. Basi msituambie kwamba serikali hii imeamka na kupenda maoni ya watumishi wake. Inapenda aina moja ya maoni.

Sasa njooni upande wa hizi tovuti, maana huko ndiko tunakokosea tukidhani ni uchawa mtupu. Wenye blogu na televisheni za mtandaoni huko mikoani wengi ni vijana kama sisi. Kamera moja, laptopu moja, ofisi ni kibaraza cha stationery. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka walipe milioni moja ya leseni kwa mwaka, mbali na laki moja ya maombi. Juni mwaka ule hata JamiiForums ililazimika kuzima mitambo kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini somo lilishaingia: unaruhusiwa kuwepo, na anayekuruhusu anaweza kubadili mawazo. Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, kampuni kubwa yenye wanasheria wake, kwa sababu ya katuni ya video iliyogusa habari za watu waliopotea na waliouawa. Kama Mwananchi wanazimwa mwezi mzima, yule kijana wa kibaraza cha stationery atafanyaje afisa habari wa halmashauri akimletea makala ya mheshimiwa na kumwambia "itoke leo"?

Itatoka leo. Itatoka bila kuguswa hata nukta. Na kesho kijana huyo huyo anategemea kupanda kwenye gari la msafara wa mkuu wa wilaya kwenda kuripoti uzinduzi wa kisima, maana usafiri wake mwenyewe hana, na anategemea tangazo la halmashauri ambalo malipo yake anaweza kuyasubiri mpaka asahau alitangaza nini. Hadi mwaka 2023 Sheria ya Huduma za Habari ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari kazi ya kuratibu matangazo ya taasisi za serikali. Kifungu kile kilifutwa. Tabia haijafutwa.

Kwa hiyo tukimshambulia mwenye blogu tunampiga mtu aliyeshikwa kooni. Tunachomwomba ni kidogo na hakimfungii tovuti. Kwanza aandike cheo. Ukikuta chini ya makala "mwandishi ni mchambuzi wa masuala ya siasa na uchumi", halafu ukigoogle unagundua ni mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, umedanganywa, na aliyekudanganya ni mhariri pamoja na mwandishi. Au utakuta "Na Mwandishi Maalum", ambaye umaalumu wake ni mshahara wa serikali. Makala iliyoandaliwa na kitengo cha mawasiliano cha halmashauri kwa fedha za umma iitwe taarifa ya halmashauri. Iliyolipiwa iitwe tangazo. Na mtu aliyetajwa au kusemwa kwenye makala hiyo apewe nafasi ya kujibu mahali pale pale. Haki ya kujibu si uvumbuzi wetu, ipo kwenye maadili ya uandishi ambayo Baraza la Habari Tanzania limekuwa likiyahimiza tangu miaka ya tisini.

Kuna watakaosema viongozi kushika kalamu si jambo geni nchi hii, Mwalimu mwenyewe aliandika. Kweli, na tunafurahi mmelitaja, maana stori hiyo ukiisimulia yote haiwasaidii.

Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU, kile kijarida cha chama. Aliokuwa amewashambulia kwenye makala ile walikuwa kina nani? Wakuu wa wilaya! Ma-DC wawili wa kikoloni, aliodai wanaonea wananchi na kuvunja sheria ili kuikandamiza TANU. Wakili D. N. Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea. Mahakama ikamkuta na hatia, faini shilingi 3,000 au miezi sita jela, na faini ikalipwa. Huyo ndiye mwandishi mnayetuletea kama kielelezo: mtu asiye na cheo serikalini, anayeandika dhidi ya wakuu wa wilaya, anapelekwa mahakamani. Mkimtafuta mkuu wa wilaya wa leo kwenye stori ile, hamtamkuta upande wa Mwalimu.

Alipokuwa Rais hali ilibadilika, hilo nalo tuliseme bila kuficha. Mwaka 1970 gazeti la The Standard lilitaifishwa na Rais akawa ndiye mhariri mkuu kwa cheo, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, likawa Daily News. Unaweza kuupinga utaratibu ule, na sisi tunaupinga, kwa sababu dola kuwa na gazeti kubwa la kila siku ni kujitengenezea kioo cha kujitazamia. Lakini angalau hakuna aliyelinunua akidhani ni la mtu binafsi. Ulijua unamsoma nani. Leo serikali haihitaji kutaifisha chochote. Ina TBC, ina Daily News na HabariLeo, ina tovuti ya kila halmashauri inayolipiwa na kodi zetu, ina kurasa za Instagram za kila wizara, na bado inataka na ule ukurasa mmoja wa maoni kwenye blogu ya kijana wa Njombe. Hivi kweli?

Hapo ndipo penye uzito wenyewe. Jiulizeni, kwenye wilaya yako leo swali kwa mkurugenzi linaulizwa wapi? Kwenye baraza la madiwani? Baada ya uchaguzi wa 2020 mabaraza mengi yalibaki na chama kimoja karibu chote, na diwani anayetaka kurudi kwenye kura za maoni za chama chake hamgusi mkurugenzi. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji? Huko mapato na matumizi yanasomwa mtendaji akijisikia. Kwenye mikutano yetu ya hadhara tunauliza, ndiyo, lakini mkurugenzi hayupo pale kujibu, wapo askari wanaorekodi. Ilikuwa imebaki sehemu ndogo, hizi tovuti za mikoani, mahali ambapo mwananchi angeweza kuweka hoja yake na ikasomwa na watu wa hapo hapo wanaolijua daraja linalosemwa. Sehemu hiyo nayo inakaliwa na anayepaswa kuulizwa. Ukiona mshtakiwa amehamia kwenye kiti cha mwandishi wa mahakama, ujue kumbukumbu za kesi zitaandikwaje.

Suala la mkurugenzi lina ubaya wake wa ziada. Huyu ndiye amekuwa msimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema vifungu vinavyowafanya wakurugenzi kuwa wasimamizi wa uchaguzi vinakinzana na Katiba, Oktoba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Novemba 2024 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wakurugenzi wakawa wasimamizi kama kawaida. Mnakumbuka wagombea wetu walivyoenguliwa kwa kukosea herufi. Sasa refa wa mechi anaandika makala kwamba timu moja inaupiga mwingi. Anaandika hadharani, kwa jina lake, na picha kaweka. Tukisema refa ana upande tunaambiwa tulete ushahidi. Ushahidi wameuchapisha wenyewe! Kila makala ya namna hiyo iliyosainiwa na mkurugenzi ihifadhini, tarehe na anuani ya ukurasa, siku ya pingamizi mawakili wetu wataihitaji.

Mkuu wa wilaya naye msimwone mtumishi tu. Kwa utaratibu wa chama tawala yeye ni mjumbe wa kamati ya siasa ya wilaya. Akiandika "sisi wananchi wa wilaya hii tunaridhika", ile "sisi" ina vikao vyake.

Na msisahau ya Machi 2017. Mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, aliingia usiku kwenye ofisi za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, akaunda kamati ichunguze. Siku moja baada ya kupokea ripoti, waziri akaondolewa. Mwenye mkoa akabaki na mkoa wake. Wenye vyombo vya habari wa ngazi zote walilisoma hilo, na hawahitaji kusomewa mara ya pili. Ndiyo maana tunasema makala inayoletwa mlangoni na afisa habari mwenye tabasamu siyo mchango wa kawaida wa msomaji. Inaingia ikiwa na kivuli nyuma yake hata kama mheshimiwa mwenyewe ni mpole na hajamtisha mtu.

Tuwe wakweli na kwetu pia. Baada ya 2015 upinzani uliongoza majiji na halmashauri kadhaa, Dar es Salaam, Arusha, Mbeya. Wakati ule wapo waliokuwa wanaandika mtandaoni kuhusu mafanikio ya mameya wetu kwa lugha hii hii ya kupaa na kung'ara. Tukishika tena halmashauri, na tutashika, meya wetu akileta makala ya kujisifu badala ya kujibu hoja za mkaguzi, vijana wa jumuiya hii wawe wa kwanza kumuuliza. Watakaotuambia "siyo wakati wake, utawapa adui silaha" tuwapeleke wakasome walichokuwa wanamlaumu CCM.

Na kuna afisa anayeandika vizuri, tusimtupe na maji ya kuogea. Mganga mkuu wa wilaya anayeeleza kwa nini chanjo fulani inarudiwa. Meneja wa mamlaka ya maji anayeandika kwamba mgao utakuwa Jumanne na Ijumaa kwa sababu pampu moja kati ya mbili imeungua, ya kubadilisha imeagizwa, itagharimu kiasi hiki, na namba ya kupiga ni hii. Huyo ametusaidia, na tungependa waandike zaidi. Ukiangalia makala yake utaona ina tarehe, ina kiasi, ina kitu ambacho unaweza kurudi baada ya miezi mitatu ukamwambia ulisema hivi na hukufanya. Makala ya mchambuzi wetu mheshimiwa haina kitu cha kurudia. Ina "mabilioni ya fedha yaliyomiminwa na Mheshimiwa Rais". Yalimiminwa wapi, yakazibwa na nini, hakuna. Fedha zenyewe ni kodi yako uliyokatwa kwenye muamala wa simu, lakini kwenye makala zinadondoka kutoka mbinguni.

Chukueni lile la vijana, maana makala za namna hii hupenda sana kuhutubia vijana. Zinasema changamkieni fursa za mikopo. Sawa. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za CAG mwaka hadi mwaka zimeonyesha mikopo isiyorejeshwa na fedha zisizotengwa inavyotakiwa. Aprili 2023 serikali yenyewe ikasimamisha utoaji kupanga utaratibu mpya, na mikopo ikarejea mwaka 2024. Sasa kabla ya kutuambia tuchangamke, tunaomba kujua: halmashauri yetu imekusanya kiasi gani, asilimia nne ya vijana ni shilingi ngapi, vikundi vilivyopata ni vipi na viko kata gani, na vile vilivyokopa kabla ya kusimamishwa vimerejesha nini. Maswali manne. Mkurugenzi anaweza kuyajibu kwa ukurasa mmoja wa jedwali, muda mfupi kuliko wa kuandika makala ya fursa. Kijana aliyenyimwa mkopo mara tatu kwa sababu kikundi chake "hakijakidhi vigezo" akiliona jedwali hilo atajua mwenyewe kama ni mvivu au kuna watoto wa fulani.

Mtatuuliza, kwa nini tusiandike tu makala za kuwajibu? Andikeni, lakini muwe macho. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu "taarifa za uongo" kwa faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Mwaka 2016 kijana mmoja wa Arusha alitiwa hatiani kwa maneno ya Facebook juu ya Rais. Mheshimiwa akikosea takwimu kwenye makala yake atasahihishwa kimyakimya. Wewe ukikosea unaweza kuitwa kituoni. Kwa hiyo msitukane, msikisie, msiandike "nasikia". Andikeni mlichokiona, pigeni picha, wekeni tarehe.

Na kabla ya makala, andikeni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Ni sheria yenye mapungufu tele, tulishayasema, ila ipo na haitumiki kwa sababu hatuitumii. Vijana wa kila kata, kaeni wawili watatu, mchague makala moja ya kiongozi wa wilaya yenu, mtoe humo dai moja tu. Halafu mkurugenzi aandikiwe barua ya nusu ukurasa: "Rejea makala iliyochapishwa tarehe fulani kwenye tovuti fulani, ambapo imeelezwa kuwa vijana wa wilaya wamenufaika na mikopo. Chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, 2016, naomba orodha ya vikundi vya vijana vilivyopata mikopo kwa mwaka huu wa fedha, kata vilipo, kiasi kilichotolewa na kiasi kilichorejeshwa." Jina, anuani, namba ya simu, sahihi. Hakuna kutaja chama, hakuna "ole wenu". Unaomba kama raia, maana haki hiyo ni ya raia. Wakikupa fomu, jaza fomu.

Chapeni nakala mbili. Moja inabaki masijala, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, muondoke nayo. Wakikataa kugonga, rudini siku ya pili mkiwa wawili. Piga picha nakala yenye muhuri uitume kwa katibu wa vijana wa jimbo lako, siku 30 zihesabiwe kuanzia hapo. Majibu yakija tutayaweka hapa kama yalivyo, hata yakiwa mazuri kwa halmashauri. Yasipokuja, tutaweka hapa barua yenye muhuri, na pembeni yake makala ya mheshimiwa.